Usione vitabu vyaelea, vimeundwa

Siku niliyomwarifu baba yangu kwamba naacha ualimu kwa muda ili nirudi chuoni kusomea shahada ya uzamili katika uchapishaji, alinitazama kitambo kisha akaniuliza, "Miaka yote hiyo darasani, mwanangu, na sasa waenda kufundishwa kupiga chapa? Si kuna vijana kule mjini wanaopiga chapa kadi za harusi, na hata kidato cha nne hawakumaliza?"

Sikumlaumu mzee. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo na walimu wenzangu, na wanafunzi wangu wa zamani, na hata na karani wa benki niliyemwendea kuomba mkopo wa karo. Nimelijibu mara nyingi njiani na kwenye vikao vya chai. Leo nimeonelea nilijibu hapa, kwa faida ya mwalimu anayetamani kuandika kitabu na ya mwanafunzi anayependa vitabu lakini hajui kama mapenzi hayo yanaweza kumpatia riziki.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mpiga chapa ni fundi mwenye mtambo. Huletewa kazi, akaifanya, akalipwa, akaikabidhi. Kitabu kikinunuliwa au kikioza ghalani, yeye amekwisha kula jasho lake. Mchapishaji ndiye aamuaye kwamba maneno ya fulani yanastahili kuwa kitabu. Ndiye agharamiaye uhariri, michoro, karatasi na usafirishaji, na hasara ikitokea ni yake. Wachapishaji wengi hawana hata mtambo mmoja wa chapa, kama vile mwenye kujenga nyumba asivyolazimika kuwa mwashi.

Niliingiaje katika jambo hili? Nilifundisha Kiswahili kwa miaka tisa katika shule ya upili ya kutwa. Siku moja nikifundisha ngeli katika kidato cha pili, niliandika ubaoni kwamba wingi wa "ufa" ni "nyufa". Msichana mmoja mwenye bidii akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu," akasema kwa adabu, "kitabu kinasema ni 'maufa'." Nikakichukua kitabu. Naam, ndivyo kilivyosema, tena katika ukurasa wa majibu.

Nilieleza, nikatoa mifano ya uso na nyuso, uzi na nyuzi. Darasa likanisikiliza kwa heshima iliyochanganyika na huruma. Katika mtihani wa mwisho wa muhula, wanafunzi kumi na mmoja waliandika "maufa". Nilipowauliza sababu, jibu lilikuwa moja: imechapishwa.

Nilimwandikia mchapishaji wa kitabu hicho barua. Sikujibiwa. Baada ya miaka miwili toleo jipya lilitoka likiwa na jalada la kupendeza na bei ya juu zaidi, na kosa lile lile likiwa limekaa pale pale. Hapo ndipo nilipotambua kwamba neno lililochapishwa lina mamlaka kumshinda mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, na kwamba mahali fulani kuna mtu ambaye kalamu yake ilipita juu ya ukurasa ule bila kusimama. Nikataka kumjua mtu huyo. Baadaye nikataka kuwa yeye, ili nisimame pale alipopita.

Njia zilikuwa kadhaa. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Stirling kimekuwa na kituo cha masomo ya uchapishaji tangu mwaka wa 1982, na Chuo Kikuu cha Oxford Brookes kina jina kubwa katika fani hiyo. Lakini karo ya huko ni mlima kwa mwalimu wa sekondari. Nyumbani kulikuwa na Chuo Kikuu cha Moi, ambacho Kitivo chake cha Sayansi ya Habari kilianzishwa mwaka wa 1988 na ambapo uchapishaji hufundishwa kama taaluma inayojitegemea. Nikafunga virago nikaelekea Eldoret.

Nilikwenda nikidhani tutashinda tukijadili fasihi. Juma la kwanza mhadhiri alituletea karatasi kubwa, akatwambia tuikunje mara tatu, kisha tuhesabu kurasa. Zilikuwa 16. Akatuuliza, "Mwandishi akileta kitabu cha kurasa 161, mtafanyaje?" Tukanyamaza. Kurasa 160 hutoka katika karatasi kumi kamili. Ukurasa mmoja wa ziada unadai karatasi ya kumi na moja, na kurasa 15 zitabaki tupu. Mhariri mwenye akili hutafuta aya za kupunguza. Mhariri mvivu humtwika mnunuzi gharama ya karatasi tupu. Somo langu la kwanza la uzamili lilikuwa hilo, na baba yangu angecheka.

La pili lilikuwa hesabu, na hili nataka walimu wenzangu walisome kwa makini, maana wengi wetu huamini kwamba mchapishaji ni mnyonyaji anayeogelea katika mali. Tuchukulie mfano wa riwaya. Kuhariri, kupanga kurasa na kuchora jalada kunagharimu, tuseme, shilingi 400,000, na gharama hiyo haibadiliki uchapishe nakala moja au laki moja. Kupiga chapa na kujalidi kila nakala ni shilingi 100. Ukitoa nakala 1,000, kila moja imekugharimu shilingi 500. Ukitoa 5,000, kila moja imekugharimu shilingi 180. Ndiyo sababu wachapishaji hupenda vitabu vinavyouzwa kwa maelfu.

Sasa tupange bei iwe shilingi 500. Mwenye duka achukue asilimia 30, yaani shilingi 150. Zibaki 350. Mwandishi apewe mrabaha wa asilimia 10 ya hizo, yaani shilingi 35. Mchapishaji abaki na shilingi 315. Akitoa nakala 2,000, gharama yake yote ni shilingi 600,000, kwa hiyo hana budi kuuza nakala 1,905 ndipo arudishe fedha zake. Faida imo katika nakala 95 zilizosalia, nazo hazijalipa kodi ya nyumba, mishahara wala nauli ya gari. Hesabu hii ni ya kubuni, lakini kila mchapishaji huifanya kwa tarakimu zake kabla hajatia sahihi mkataba. Mwandishi aliyekataliwa mswada wake aghalabu ameshindwa na hesabu hiyo, wala si kwa Kiswahili chake.

La tatu lilikuwa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Nilisoma kifungu hicho nikawakumbuka walimu kadhaa niliowajua ambao waliandika vitabu vya mazoezi, wakapewa kitita cha fedha mara moja, na wakatia sahihi karatasi ya kuuza haki yote bila kuisoma. Kuuza hakimiliki si sawa na kumpa mtu leseni ya kuchapisha. Anayeuza shamba na anayelikodisha wote hupokea fedha, lakini mmoja wao hana mahali pa kurudi. Nilikumbuka pia, kwa aibu, vitabu vizima nilivyowahi kuwatolea wanafunzi vivuli kwenye mashine ya shule.

Kisha tukafundishwa tulikotoka. Mwaka wa 1948 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha idara ya vitabu, East African Literature Bureau, iliyochapisha kwa lugha za wenyeji huku ikichagua yale iliyoona yanawafaa wenyeji kusoma. Baada ya uhuru, East African Publishing House ilianzishwa mwaka wa 1965 na Jomo Kenyatta Foundation mwaka wa 1966. Huko Dar es Salaam, Walter Bgoya akiwa Tanzania Publishing House alishiriki kuchapisha kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya na ufukara wa Afrika mwaka wa 1972, na mwaka wa 1991 akaanzisha shirika lake la Mkuki na Nyota.

Hapa kwetu, mwaka huo huo wa 1972, Henry Chakava aliingia Heinemann jijini Nairobi akiwa mhariri, na hatimaye akaligeuza tawi hilo la kampuni ya Uingereza kuwa mali ya Wakenya, East African Educational Publishers. Mwaka wa 1980 alichapisha riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, wakati ambapo wengi waliamini kwamba riwaya ya lugha ya mama haiwezi kuuzwa. Ilinunuliwa kwa kasi, ikabidi ipigwe chapa tena kabla ya mwaka kwisha.

Msomaji mwerevu atanikatiza hapo. Atasema: Chakava hakuwa na shahada ya uchapishaji. Alisomea fasihi na falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kazi akaijulia kazini. Ikiwa mzee aliyefariki mwaka wa 2024 akiitwa baba wa uchapishaji katika Afrika Mashariki hakuihitaji shahada hiyo, wewe unaihitaji ya nini?

Hoja hii ina uzito, nami nisingependa kuikwepa. Ni kweli kwamba jicho la mhariri halitolewi na chuo. Nilisoma na wenzangu waliopata alama za juu ambao hawangeweza kunusa sentensi iliyochacha. Lakini Chakava mwenyewe aliandika uzoefu wake katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1996, na naamini aliandika ili anayekuja nyuma asianze pale alipoanzia yeye. Fundi wa jahazi hujifunza kwa kumtazama fundi mkuu. Mafundi wakiwa wachache na mitumbwi ikawa mingi, hapana budi pawe na chuo. Shahada hii humwondolea mtu miaka ya kukosea kwa fedha za wengine. Haimpi moyo wa kuchagua. Hilo nalijua kwa sababu nililijaribiwa.

Katika mwaka wangu wa pili nilipelekwa kufanya mazoezi katika shirika moja la uchapishaji. Kazi yangu ilikuwa kusoma miswada iliyoletwa bila kuombwa, ambayo ilijaa kabati mbili. Siku ya nne nilitoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na madaftari sita ya mistari, yameandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu. Kabla sijasoma jina nilikuwa nimekwisha kuutambua mwandiko. Ulikuwa mwandiko wa mwalimu aliyenifundisha Kiswahili katika shule ya msingi, yule aliyenisahihishia insha yangu ya kwanza.

Ilikuwa riwaya juu ya wakata miwa. Niliisoma usiku na mchana. Sura za mwanzo zilikwenda taratibu mno, na wahusika wawili walifanana hata nikawachanganya. Lakini kulikuwa na sura moja ya kupima miwa kwenye mizani, ambapo mkulima anajua kwamba anaibiwa na karani anajua kwamba mkulima anajua, na hakuna anayelisema. Sijasoma mandhari yenye nguvu kama hiyo kwa miaka mingi. Nikaandika ripoti ya kurasa tano nikipendekeza ichapishwe baada ya kurekebishwa.

Katika mkutano wa wahariri, mkubwa wa idara aliisoma ripoti yangu yote kwa heshima. Kisha akaniuliza, "Itaingia silabasi ipi?" Nikasema haiingii. "Nani ataununua?" Nikataja maktaba na wapenda fasihi. Akanipa kalamu na karatasi, akaniambia nifanye hesabu. Nilifanya ile ile niliyofundishwa. Nilihitaji wanunuzi elfu mbili kasoro kidogo. Nilipohesabu kwa uaminifu wale niliowajua kuwa wangetoa mfukoni shilingi 500 kununua riwaya isiyotahiniwa, ya mwandishi asiyejulikana, nilishindwa kufika 800. Hakuna aliyenishinda katika mkutano ule. Nilijishinda mwenyewe kwa hesabu yangu.

Barua ya kukataa miswada ilikuwa tayari, mistari mitatu, yenye pengo la kujaza jina. Niliomba ruhusa nisiitume. Nilipanda matatu siku ya Jumamosi nikaenda nayo bahasha mwenyewe.

Alinikaribisha chini ya mwembe. Chai ilipokwisha nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Umeusoma wote?"

"Nimeusoma mara mbili, Mwalimu."

"Basi mbona madaftari ni safi hivi? Mimi sikukurudishia kamwe daftari safi, mwanangu. Kama si zuri, nionyeshe lilipo kosa. Kama ni zuri, niambie ni zuri. Hilo la watu hawanunui ni la dukani. Mimi nakuuliza la kwako."

Sikuwa na jibu. Nilirudi na madaftari. Kwa majuma matatu niliyapitia kwa kalamu ya risasi, nikaandika kurasa kumi na moja za maoni, nikampelekea. Amekwisha kuandika upya sura nne za mwanzo. Riwaya bado haijachapishwa, wala sina habari njema ya kumalizia kisa hiki. Lakini nilielewa siku ile kazi ya mhariri ni nini. Mchapishaji ana haki ya kusema hapana kwa sababu ya fedha. Hana haki ya kusema hapana bila kusoma, wala ya kusema ndiyo bila kusoma. "Maufa" yalipita kwa ndiyo ya namna hiyo.

Nililifanya swali la mwalimu wangu kuwa mada ya tasnifu yangu: kwa nini riwaya ya Kiswahili isiyotahiniwa haichapishwi? Kwa kweli soko letu limeegemea mguu mmoja. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, vitabu vya Kiswahili vimeongezeka sana, na jambo hilo ni la kushukuriwa. *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, isingewafikia vijana wengi hivyo lau haingeteuliwa kusomwa shuleni. Lakini mguu huo mmoja ukitetereka, nyumba nzima huyumba. Mwaka wa 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, maduka mengi ya vitabu mashinani yalipoteza biashara iliyoyaweka hai. Duka likifungwa, riwaya nayo hukosa rafu ya kusimamia.

Dawa ipo na imejaribiwa kwingine. Nchini Norway, tangu mwaka wa 1965, fedha za umma hununua nakala za vitabu vipya vya fasihi kwa ajili ya maktaba, ili mchapishaji awe na wanunuzi wa kuanzia. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka wa 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Mradi huo ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu ulichokubali na kuzigawa katika shule za vijijini, na wachapishaji wachanga wakapata pumzi. Irudie hesabu yangu ya nakala 2,000 huku ukijua kwamba 1,000 zimekwisha kununuliwa na maktaba za kaunti zetu 47. Hizo ni nakala 21 hivi kwa kaunti. Mchapishaji abaki na 905 za kutafutia wanunuzi. Mwalimu wangu angebaki na nafasi.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi anayeniuliza kama asomee uchapishaji, jibu langu ni hili: soma, lakini usiende ukidhani ni maficho ya wasiopenda hesabu. Soma vitabu vingi kabla hujaenda, kwa maana hakuna mhadhiri atakayekusomea. Kwa mwalimu mwenzangu mwenye mswada kabatini: usome mkataba kabla ya kutia sahihi, uliza mrabaha ni asilimia ngapi na ya bei gani, na ukiona kosa kitabuni mwandikie mchapishaji, hata usipojibiwa. Andika tena.

Baba yangu amekwisha kuizoea shahada yangu. Juzi wageni walipofika nyumbani, nilimsikia akiwaeleza kazi yangu. Aliwaambia kwamba mimi ni mtu anayesoma vitabu kabla havijawa vitabu. Sijapata kuisikia fasili iliyo bora zaidi, hata Eldoret.